Mataji 13 ya Green Bay Packers na hesabu iliyo nyuma yake

Green Bay ni mji mdogo wa jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani, wenye wakazi laki moja na ushei. Klabu yake ya futiboli ya Kimarekani, Green Bay Packers, ilianzishwa mwaka 1919 na Curly Lambeau akishirikiana na mwandishi wa habari George Calhoun. Mwaka 1921 ikaingia katika ligi ya kulipwa, ile ambayo mwaka uliofuata ilichukua jina la NFL. Tangu 1923 klabu haina tajiri anayeimiliki. Ni mali ya wanahisa, na hisa zao haziwapi gawio hata senti moja. Ukiuliza klabu hiyo imekuwa bingwa mara ngapi, utasikia majibu mawili: mara 13 na mara nne. Yote mawili ni ya kweli, na uchambuzi huu unahusu jinsi yanavyoweza kuwa ya kweli kwa pamoja.

Tuanze kwa kutenganisha vitu viwili. Ubingwa wa ligi ni taji analopewa yule aliyetangazwa kuwa wa kwanza katika NFL mwishoni mwa msimu, kwa utaratibu wowote uliokuwa ukitumika mwaka huo. Super Bowl ni mechi moja mahususi, iliyochezwa kwa mara ya kwanza Januari 1967. Kabla ya hapo mechi hiyo haikuwapo, kwa hiyo hakuna klabu ingeweza kuishinda. Packers walikuwa mabingwa wa ligi katika misimu ya 1929, 1930, 1931, 1936, 1939, 1944, 1961, 1962, 1965, 1966, 1967, 1996 na 2010. Ile minne ya Super Bowl, yaani 1966, 1967, 1996 na 2010, imo ndani ya hiyo 13. Anayejumlisha 13 na nne akapata 17 amehesabu misimu minne mara mbili.

Kipimo kinapobadilika, mpangilio wa wakubwa nao hubadilika. Kwa kuhesabu Super Bowl peke yake, Pittsburgh Steelers na New England Patriots wako juu wakiwa na sita kila mmoja, na Packers wanawatazama kutoka chini. Kwa kuhesabu mataji ya ligi tangu mwanzo, Packers wanaongoza kwa 13, wakifuatiwa na majirani na mahasimu wao, Chicago Bears, wenye tisa. Ndiyo maana mashabiki wa klabu tofauti wanaweza kubishana usiku kucha bila hata mmoja wao kusema uongo.

Mataji matatu ya mwanzo ndiyo yanayohitaji maelezo marefu zaidi. Kabla ya 1933 NFL haikuwa na mechi ya fainali. Bingwa alipatikana kwa kutazama msimamo wa ligi, kama ilivyo katika ligi nyingi za soka. Lakini kulikuwa na tatizo ambalo ligi za soka hazina: klabu hazikucheza idadi sawa ya mechi. Kila klabu ilijipangia ratiba yake kwa kiasi kikubwa, moja ikicheza mechi 11, nyingine 17. Kujumlisha pointi kungempendelea aliyecheza mara nyingi, kwa hiyo ligi ikatumia uwiano wa ushindi.

Uwiano wa ushindi ni idadi ya mechi ulizoshinda ikigawanywa kwa jumla ya mechi ulizoshinda na ulizopoteza. Kuhusu sare, kanuni ya wakati ule ilikuwa fupi: sare haihesabiwi. Haiongezi kitu juu ya mstari wa kugawanya, wala haiongezi kitu chini yake. Ni kama mechi haikuchezwa. Kanuni hiyo ilidumu mpaka 1972, ligi ilipoamua kwamba kuanzia hapo sare itahesabiwa kuwa nusu ya ushindi na nusu ya kipigo.

Sasa chukua msimu wa 1930. Packers walimaliza wakiwa wameshinda mechi 10, wamepoteza tatu na kutoka sare moja. New York Giants walishinda 13, wakapoteza nne, bila sare. Kwa kanuni ya wakati huo, Packers wana 10 gawanya kwa 13, ambayo ni 0.769. Giants wana 13 gawanya kwa 17, ambayo ni 0.765. Tofauti haifiki hata tano katika elfu moja, au tuseme kwa lugha ya kawaida, unywele. Packers wakapewa taji. Sare yao ile moja waliipata katika mechi yao ya mwisho ya msimu, 6–6 dhidi ya Portsmouth Spartans, klabu ya mji mdogo wa jimbo la Ohio. Wangepoteza siku hiyo, uwiano wao ungeshuka hadi 0.714 na Giants wangekuwa mabingwa.

Rudia hesabu hiyo hiyo kwa kanuni ya leo. Sare ya Packers inakuwa nusu ushindi: 10.5 gawanya kwa mechi 14, sawa na 0.750. Giants hawakuwa na sare, kwa hiyo wanabaki na 0.765. Kwa kipimo cha sasa taji la 1930 linahamia New York.

Msimu wa 1931 haukuwa na sare ya kusumbua, ila ulikuwa na mzozo wa aina nyingine. Packers walimaliza na ushindi 12 na vipigo viwili, Spartans ushindi 11 na vipigo vitatu. Kulikuwa na mazungumzo ya mechi ya mwisho kati yao huko Portsmouth mwezi Desemba. Kama Spartans wangeshinda, klabu zote mbili zingefikia ushindi 12 na vipigo vitatu. Packers walikataa kwenda, wakisema mechi hiyo haikuwa na mkataba kamili, na rais wa ligi, Joe Carr, akakubaliana nao. Kisheria walikuwa sahihi. Watu wa Portsmouth hawakusahau, na mwaka uliofuata, tarehe 4 Desemba 1932, wakawachapa Packers 19–0 wakitumia wachezaji walewale 11 tangu mwanzo hadi mwisho wa mechi.

Hapo ndipo tunafika 1932, msimu unaofaa kusomwa sambamba na 1930. Packers walishinda mechi 10, wakapoteza tatu, wakatoka sare moja. Ukiangalia vizuri, ni matokeo yaleyale yaliyowapa ubingwa miaka miwili nyuma. Bears walikuwa na ushindi sita tu, kipigo kimoja na sare sita. Spartans walikuwa na ushindi sita, kipigo kimoja na sare nne. Kwa kuwa sare hazihesabiwi, Bears na Spartans walilingana kwa sita gawanya kwa saba, 0.857, na Packers wakabaki na 0.769 yao, nafasi ya tatu. Klabu iliyoshinda mechi 10 ikatazama klabu mbili zilizoshinda sita zikigombea taji.

Ligi ikapanga mechi ya ziada kati ya hao wawili, na matokeo yake yakaingizwa katika msimamo. Theluji ilikuwa nzito mno mjini Chicago, hivyo ikabidi wachezee ndani ya ukumbi wa Chicago Stadium, ambako sarakasi ilikuwa imetoka kufanya maonyesho na kuacha udongo wake sakafuni. Uwanja ulikuwa mfupi kuliko wa kawaida. Bears wakashinda 9–0. Kituko hicho kilivuta watu kiasi kwamba mwaka 1933 ligi iligawanywa katika makundi mawili na fainali ya kila mwaka ikazaliwa.

Na kwa kanuni ya leo? Packers wangekuwa na 10.5 gawanya kwa 14, yaani 0.750. Spartans kabla ya mechi ile ya ukumbini wangekuwa na 0.727, Bears 0.692. Hata ukiwaongezea Bears ushindi wa ukumbini, wanafika 0.714 tu. Packers wangekuwa mabingwa wa 1932 bila haja ya mechi ya ziada.

Tuliache jambo hilo lilivyo kwa sasa, tutalirudia. Kuanzia 1933 hesabu ya taji inakuwa nyepesi, maana bingwa ni mshindi wa fainali. Packers wa Lambeau walishinda fainali za 1936, 1939 na 1944. Kisha ukaja ukame wa zaidi ya miaka 15, uliokatizwa na kocha Vince Lombardi, aliyeajiriwa mwaka 1959. Alitwaa mataji matano katika misimu saba, 1961 hadi 1967.

Hata hivyo fainali haiondoi mikono ya waamuzi. Desemba 1965 Packers na Baltimore Colts walimaliza sawa katika kundi lao na ikabidi wacheze mechi ya kuamua nani aende fainali. Colts waliongoza 10–7. Zikiwa zimebaki dakika chache, Don Chandler wa Packers alipiga teke la pointi tatu, lile ambalo mpira sharti upite katikati ya milingoti miwili. Mpira ulipita juu sana, juu ya ncha ya mlingoti, na Colts wakaapa kwamba ulitoka nje. Mwamuzi akasema umeingia. Ikawa 10–10, na katika muda wa nyongeza Chandler akapiga jingine lisilo na ubishi, 13–10. Msimu uliofuata ligi ikarefusha milingoti. Hilo ni ungamo la kimyakimya, ingawa taji la 1965 limebaki pale lilipo, na sijaona Packers wakiliwekea alama ya nyota ya kuonyesha shaka.

Taji la 1967 ndilo lililopatikana kwa taabu kubwa kuliko yote. Fainali ya ligi ilichezwa Green Bay tarehe 31 Desemba, kwenye baridi ya nyuzi 25 za Selsiasi chini ya sifuri, dhidi ya Dallas Cowboys. Packers walikuwa nyuma 17–14, zimebaki sekunde 16, mpira uko chini ya yadi moja kutoka mstari wa mwisho, na hawakuwa tena na nafasi ya kusimamisha saa. Teke la pointi tatu lingesawazisha. Bart Starr, kwotabeki, yaani yule anayepokea mpira na kuongoza mashambulizi, aliamua kuubeba mwenyewe nyuma ya mgongo wa Jerry Kramer, mlinzi aliyemsukuma mpinzani aliyekuwa mbele yake mpaka pakapatikana upenyo. Ikawa 21–17. Wiki mbili baadaye Packers waliwafunga Oakland Raiders 33–14 katika Super Bowl ya pili, baada ya kuwafunga Kansas City Chiefs 35–10 katika ile ya kwanza. Lombardi alifariki Septemba 1970, na ndipo kombe la Super Bowl likapewa jina lake. Klabu yoyote ishindayo leo, hata mahasimu wa Packers, inanyanyua kombe lenye jina la kocha wa Green Bay.

Rekodi za wachezaji zina kitendawili chake, nacho ni urefu wa msimu. Enzi za Don Hutson, mdakaji wa Packers kati ya 1935 na 1945, klabu ilicheza mechi 10 hadi 12 kwa msimu. Baadaye zikawa 14, tangu 1978 zikawa 16, na tangu 2021 ni 17. Hutson alidaka pasi 99 za tachidauni, yaani za kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho kwa pointi sita. Rekodi hiyo ilidumu hadi Steve Largent alipoivunja mwaka 1989, miaka 44 baada ya Hutson kustaafu. Leo rekodi ni ya Jerry Rice, 197. Lakini Rice alicheza mechi 303, Hutson 116. Ukigawanya, Hutson ana wastani wa 0.85 kwa mechi na Rice 0.65. Anayesema Rice ni mkubwa ana namba yake, na anayesema Hutson ana yake pia.

Kuna rekodi moja ya Hutson ambayo urefu wa msimu hauigusi. Tarehe 7 Oktoba 1945, dhidi ya Detroit Lions, alifunga pointi 29 ndani ya robo moja ya mechi: tachidauni nne, ambazo ni pointi 24, na mateke matano ya pointi moja moja yanayopigwa baada ya tachidauni. Robo moja ni dakika 15 sasa kama ilivyokuwa wakati ule. Hakuna aliyemfikia.

Paul Hornung ni mfano ulio wazi zaidi. Mwaka 1960 alifunga pointi 176 katika mechi 12. Alikuwa mkimbiaji na pia mpiga mateke, kwa hiyo zilitoka kila upande: tachidauni 15, mateke 15 ya pointi tatu, na mateke 41 ya pointi moja. Rekodi hiyo ya msimu ilidumu miaka 46, mpaka LaDainian Tomlinson wa San Diego alipofikisha 186 mwaka 2006, zote kwa tachidauni 31, katika msimu wa mechi 16. Kitabu cha rekodi kinamtaja Tomlinson, na ni haki yake. Kwa wastani, hata hivyo, Hornung ana 14.7 kwa mechi na Tomlinson 11.6. Katika msimu wa sasa wa mechi 17, mchezaji angehitaji pointi 250 ili kuupita wastani wa Hornung.

Heshima ni kitu tofauti na rekodi. Rekodi hupimwa, heshima hutolewa, na mtoaji ana hiari. Packers wamestaafisha namba sita tu za jezi, maana yake hakuna mchezaji mwingine wa klabu atakayezivaa: 14 ya Hutson, 3 ya Tony Canadeo, 15 ya Starr, 66 ya Ray Nitschke, 92 ya Reggie White na 4 ya Brett Favre. Namba 5 ya Hornung haimo. Bears wamestaafisha 14, na walipostaafisha ya Mike Ditka mwaka 2013 wakatangaza kwamba wanaishia hapo, kwa sababu namba zenyewe zina mwisho. Favre naye alisubiri. Alikuwa nyota wa Green Bay kwa miaka 16, akaondoka kwa mfarakano, akaishia kuwachezea mahasimu Minnesota Vikings, na ilipita miaka kabla ya klabu na mashabiki kuwa tayari kumpokea, mwaka 2015.

Jumba la Heshima la mchezo huo, lililofunguliwa mwaka 1963 huko Canton, Ohio, lina utaratibu wake. Mchezaji sharti awe amestaafu kwa miaka mitano, kisha apate kura za asilimia 80 ya wajumbe. Katika kundi la kwanza la watu 17 walikuwamo wanne wa Packers: Lambeau, Hutson, Johnny McNally na Cal Hubbard. Kramer, yule aliyefungua njia siku ya baridi kali, alichaguliwa mwaka 1969 katika kikosi bora cha miaka 50 ya ligi. Jumba lilimfungulia mlango mwaka 2018. Hakuna takwimu yake hata moja iliyobadilika katika miaka hiyo 49. Walinzi wa aina yake hawana takwimu.

Kisha kuna rekodi ya uvumilivu. Desemba 2022 Packers waliwafunga Bears 28–19 na kufikisha ushindi wa 787 katika mechi za kawaida za ligi, mmoja zaidi ya Bears, na hivyo kuwa klabu yenye ushindi mwingi kuliko zote katika historia ya NFL. Ni namba ya heshima, ila inahitaji kusomwa na umri pembeni yake: klabu iliyoanzishwa miaka ya 1990 haiwezi kuigusa hata ikishinda kila wiki kwa muda mrefu.

Sasa turudi kwenye mataji. Ukitumia kanuni ya leo kwa misimu yote ya kabla ya 1933, Packers wanapoteza taji la 1930 na kupata la 1932. Jumla inabaki 13. Kanuni iliyowapa ndiyo iliyowanyima, na mizani ikasimama palepale. Mwenye kutaka kuwapunguzia mataji kwa hoja ya sare hana pa kushika.

Lakini sikubali kwamba hesabu hiyo mpya ni hukumu. Ni kipimo cha majaribio tu. Bears wa 1932 walijua sare haiwadhuru, na klabu inayojua hivyo haina sababu ya kuhatarisha mpira dakika za mwisho. Kwa kanuni nyingine wangecheza mchezo mwingine, na sare sita zisingekuwa sita. Taji ni la aliyeshinda kwa masharti yaliyotangazwa kabla ya mechi, kwa hiyo 1930 ni ya Packers na 1932 ni ya Bears.

Kinachotikisika ni mfululizo. Klabu hujivunia kuwa ndiyo pekee katika NFL iliyotwaa ubingwa mara tatu mfululizo, na kwamba imefanya hivyo mara mbili: 1929 hadi 1931, na 1965 hadi 1967. Chiefs walikaribia kuifikia, wakaangushwa na Philadelphia Eagles 40–22 Februari 2025. Mifululizo hiyo miwili, kwa maoni yangu, haina uzito sawa. Wa kwanza umeshikiliwa katikati na unywele wa 1930, na mwishoni na mechi ya Portsmouth ambayo haikuchezwa. Wa pili una teke la Chandler ndani yake, ni kweli, lakini kila taji lake lilimalizikia uwanjani, mbele ya mpinzani aliyetaka kitu kilekile. Kama ningepewa kazi ya kuiandika orodha ya klabu, ningeanza na 1965 hadi 1967, kisha ningeweka 1929 hadi 1931 pamoja na msimamo mzima wa 1930, Giants wakiwemo.